Gari la Barabara Moja

Siku gari lilipofika uani, likivutwa na lori kwa mnyororo, sote tulitegemea mjomba aanze kwa kufungua boneti. Hakuigusa. Aliagiza maji. Kwa siku mbili vijana walipishana na madumu, naye amelala chali chini ya gari, brashi ya waya mkono mmoja na kijiti kilichochongwa ncha mkono wa pili, akikwangua udongo. Udongo wa Myamba, huku Upare Kusini, ni mwekundu na unanata. Ukijishindilia kwenye pembe za chuma hukaa na unyevu wake miezi na miezi, na chuma kilicho nyuma yake huliwa taratibu bila mtu kujua.

"Ufa hauonekani chini ya tope, mjomba," aliniambia. Mimi na yeye huitana jina hilo hilo moja.

Nilikuwa nimekwenda kumsalimia kwa wiki moja tu. Nikarudi tena na tena kwa miaka miwili na zaidi, kila nilipopata likizo, na ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona nikimshikia taa, tupa, na mara nyingine daftari.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya dizeli, toleo la tatu, la mwaka 1978. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Lilikuwa limelala chini ya mparachichi kwa miaka tisa, kuku wakitaga kwenye siti ya nyuma, injini imeshikana kabisa, haizunguki hata kwa mtaimbo. Waliopita njiani walisema liuzwe kwa kilo. Mjomba aliwasikiliza kwa adabu, akawashukuru, akaendelea kuosha.

Kabla ya kununua hata nati moja alifanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Alipanda magari ya watu. Kwa wiki tatu alisafiri kwenda na kurudi, akilipa nauli kama abiria yeyote, akiomba akae mbele karibu na dereva, na kaunta buku iko magotini. Barabara ya Mwembe–Myamba–Ndungu inapanda upande mmoja wa milima ya Upare Kusini na kuteremka upande wa pili, na juu yake hupita karibu kila kitu tunachokitegemea: tangawizi inayoshuka sokoni, saruji na mabati yanayopanda, madaftari ya shule, wagonjwa wanaopelekwa Hospitali ya Gonja, marehemu wanaorudishwa kuzikwa kwao. Mvua zikishika, mlima wenyewe hausimami mahali pamoja. Novemba 2009 uliporomoka kijijini Goha, katika eneo hili la Mamba Myamba, ukaua watu zaidi ya 20. Anayetengeneza gari huku anajua anatengeneza kitu gani.

Nimelisoma daftari lile. Kila ukurasa una mahali pamoja. "Kona ya jiwe: gari limejaa, gia ya kwanza, klachi imekanyagwa mara tatu." "Mteremko wa mfereji: breki zinanuka baada ya dakika sita." "Kwenye migomba: gurudumu la nyuma kushoto linaning'inia, la kulia linazunguka bure." "Tambarare: vumbi, dereva kafunga kioo, chujio la hewa halifungi." Hakuna mahali alipoandika kasi. Hakuna alipoandika rangi. Gari lililotoka kiwandani Solihull lilitengenezwa kwa dunia nzima, kwa shamba la Uingereza na jangwa la Arabuni kwa pamoja. Mjomba alitaka gari la barabara moja, na kurasa hizo ndizo zilizokuwa ramani yake. Kila alichobadilisha baadaye kilikuwa na ukurasa wake.

Alianza na chasisi. Aliinua bodi yote, kipande baada ya kipande, mpaka ikabaki mifupa juu ya magogo manne. Kisha akachukua nyundo ndogo, ile ya kugongea funguo, akaanza kugonga kutoka mbele kwenda nyuma, hatua ya vidole vinne, sikio limeelekea chuma. Palipo pazima hulia. Palipooza husema neno fupi, zito, kama anayegonga gunia. Kila neno zito alilitia alama ya chaki. Alipomaliza, boriti ya nyuma ilikuwa nyeupe karibu yote, na vilevile sehemu zinapofungwa springi, ambako matope ya magurudumu hurukia kila siku.

Hapa inafaa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu namna gari hili lilivyozaliwa ndiyo iliyomwezesha mtu wa Myamba kulizaa upya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, bati la chuma lilikuwa likitolewa kwa mgao Uingereza, ilhali aluminiamu ilipatikana kwa wepesi. Ndugu wawili waliokuwa wakiiongoza kampuni ya Rover, Spencer na Maurice Wilks, walitaka gari la mkulima, na walitaka kulitengeneza bila kununua mashine za bei mbaya za kukandamiza mabati. Basi bodi wakaifanya ya aluminiamu, mabapa yaliyonyooka na mikunjo myepesi, yaliyofungwa kwa bolti na riveti. Chasisi wakaiunda kwa vipande bapa vya chuma vilivyochomelewa pamoja vikawa boksi refu. Likaoneshwa Amsterdam Aprili 1948. Sura imebadilika kidogo kidogo tangu hapo, lakini hata hili la 1978 bado ni boksi lilelile na mabapa yaleyale. Lilitengenezwa na watu wenye uhaba, nao wenye uhaba wanalielewa. Kipande chochote cha chasisi hiyo kinaweza kukatwa upya na mtu mwenye bamba la milimita 3, msumeno, mashine ya kuchomelea na utulivu.

Utulivu ndio uliokuwa adimu zaidi. Kuchomelea kunavuta chuma. Ukichoma mstari mrefu upande mmoja, boriti inajikunja kuelekea kwenye moto, na gari lako litatembea upande upande kama kaa. Mjomba alichoma vipande vya urefu wa kidole, kimoja kulia, kimoja kushoto, akasubiri vipoe hadi aweze kuvishika. Na alichoma alfajiri tu. Saa kumi na mbili mashine za kusaga hazijawashwa, umeme una nguvu na hauyumbi, moto unaingia ndani ya chuma badala ya kukaa juu juu. Saa mbili asubuhi alizima, akaenda shambani. Kwa mwendo huo boriti ya nyuma peke yake ilichukua mwezi na nusu.

Kila Jumamosi alipima. Aliteremsha timazi kutoka pembe nne za chasisi, akaweka alama sakafuni, kisha akavuta uzi kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na ule wa pili kinyume chake. Nyuzi hizo mbili zikilingana, chasisi imenyooka. Mara ya kwanza zilipishana milimita 11. Akakata alipokuwa ameshachoma, akaanza tena. Niliumia kuona kazi ya wiki tatu ikikatwa na msumeno. Yeye alikuwa anapiga mluzi. Mara ya mwisho zilipishana milimita 2, naye akaandika tarehe kwenye daftari na kupigia mstari. Ndani ya maboksi alimimina oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa, akaizungusha mpaka ikatokeza kwenye kila tundu.

Bodi sitaieleza sana. Aluminiamu haipati kutu kama chuma, lakini ikigusana na chuma mahali penye unyevu huliwa ikawa unga mweupe, na Land Rover nyingi zimefia hapo kwa sababu mtu alipigilia bati la chuma juu ya aluminiamu akaondoka. Mjomba alikata vipande vya tyubu ya baiskeli na kuvilaza kwenye kila mahali vyuma hivyo viwili vinapokutana. Nilihesabu vipande 94.

Springi ndizo nilizozipenda kuliko vyote. Majani yake yalikuwa yameshikamana kwa kutu, yakawa kama ubao mmoja, na ndiyo maana gari la zamani humrusha abiria hata penye kijiwe. Aliyafungua, akayasugua moja moja mpaka yakang'aa, kisha akayapiga yapate upinde wake tena, juu ya kipande cha reli alichoachiwa na baba yake. Aliyapiga yakiwa baridi. Chuma cha springi kikitiwa moto ovyo hupoteza ugumu wake, na fundi anayekimbilia moto kwa sababu unarahisisha kazi atauza springi itakayolala baada ya mwezi. Alilinganisha kila jani na mchoro wa mkaa sakafuni. Pigo moja, analaza jani kwenye mchoro, anatazama, pigo jingine. Madereva walimshauri aongeze majani matatu kila upande ili gari libebe zaidi. Aliongeza moja, nyuma tu. Springi ngumu kupita kiasi hailali, alisema, na mzigo usiopokelewa na springi hupokelewa na chasisi. Tena gari gumu huinua gurudumu hewani pale kwenye migomba.

Nilipokuwa nikimtazama akipiga majani yale nilimfikiria mtu wa zamani zaidi. Upareni kazi ya chuma ina mizizi mirefu. Kule Ugweno, Upare Kaskazini, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi; waliyeyusha chuma na kufua majembe na silaha zilizofika hadi Uchagani. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyochapwa 1969, anaeleza kwamba Washana ndio waliokuwa watawala huko kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Mjomba si Mshana na hajidai kuwa. Lakini mkono unaojua kupiga pigo moja na kutazama kabla ya la pili, huo naamini haukuanzia kwenye magari.

Injini ya zamani haikufaa tena. Silinda mbili zilikuwa zimechimbika kwa kutu. Hapo ushauri ulimiminika. Wengi walitaka aweke 1HZ ya Land Cruiser, silinda 6, lita 4.2, "apande mlima kama anakwenda tambarare." Mjomba alikwenda kwenye daftari. Klachi inakanyagwa mara tatu kwenye kona ya jiwe: kinachokosekana ni nguvu kidogo chini, gari likienda polepole. Dizeli ya zamani ya Land Rover ilikuwa na nguvu za farasi 62. Akichukua Toyota 3L, lita 2.8, ile ya kwenye Hiace na Hilux, atapata karibu 90. Giaboksi ya zamani na ekseli zake zitavumilia hizo zikiendeshwa na mtu mwenye akili. 1HZ ingezivunja. Akachagua 3L kutoka kwenye Hiace iliyogongwa, akaishusha, akaifungua yote, akapima krenki, akabadilisha ringi, beringi na mkanda wa tamingi. Seti ya kwanza ya beringi, kutoka duka moja mjini, ilikuwa feki. Aliigundua kabla ya kufunga, kwa sababu hupima kila kitu hata kikiwa kwenye karatasi yake.

Kuna wanaoona ni dhambi kuweka moyo wa Mjapani kwenye kifua cha Mwingereza. Lakini Land Rover za jeshi la Australia, zilizoanza kutumika mwaka 1987, zilitoka kiwandani zikiwa na injini ya Isuzu, lita 3.9. Waliozitengeneza waliitazama nchi yao kwanza, halafu injini. (Anayefanya mabadiliko haya kwetu akumbuke pia kupeleka namba mpya ya injini iingizwe kwenye kadi ya gari. Mjomba alifanya hivyo kabla ya gari kutoka uani.)

Kazi ngumu ilikuwa kuunganisha injini na giaboksi zisizofahamiana. Alipaka grisi kwenye uso wa injini, akabandika boksi la kadibodi, akaligandamiza. Matundu yote yakajichapa. Akafanya vivyo hivyo kwenye giaboksi. Kadibodi hizo mbili, moja juu ya nyingine, zikaenda Moshi kwa mkerezaji, zikarudi zikiwa bamba la chuma la milimita 20. Mtu mwingine angefunga bolti na kuwasha. Lakini shafti ya giaboksi huingia katikati ya krenki. Zikipishana hata nusu milimita, gari litatembea na kufurahisha watu kwa mwezi, halafu beringi ya mbele ya giaboksi itaanza kulia, na gia zitaruka zenyewe, pengine gari likiwa katikati ya mteremko.

Basi alichukua spoku ya baiskeli. Aliifunga kwenye flaiwili, akaikunja ncha yake mpaka ikakaribia ukingo wa tundu la bamba, kisha akazungusha injini kwa mkono, polepole, huku akipitisha karatasi ya daftari kati ya ncha na ukingo. Juu zilipita karatasi mbili. Chini haikupita hata moja. Akalegeza bolti, akagonga bamba kwa ubao, akazungusha tena. Siku kumi na moja. Nilikuwepo siku tatu za mwisho, na sijawahi kuona mtu akirudia jambo moja mara nyingi kiasi kile bila uso kubadilika. Siku ya kumi na moja karatasi moja ilipita juu, chini, kulia na kushoto, ikikwaruza kwa sauti ileile. Ndipo akatoboa matundu ya pini na kuifunga isihame tena. Karatasi ile ipo mpaka leo ndani ya daftari, ina alama ya grisi.

Rejeta aliiacha ile kubwa ya Land Rover, kwa kuwa 3L ikichemsha silinda hedi hupasuka. Mdomo wa kuvutia hewa aliupandisha hadi usawa wa paa, mkonga kama tuuitavyo, na wengi wakadhani ni kwa ajili ya kuvuka mito. Ulikuwa wa ukurasa wa tambarare: hewa ya juu ina vumbi pungufu. Mbele hakuweka ngao kubwa ya mabomba. Ni kilo nyingi juu ya ekseli ya mbele, na hakuna ukurasa ulioiomba.

Kisha breki, ambazo alizipa miezi minne. Watu wa milimani husifu gari linalopanda. Mjomba huuliza linashukaje. Gia ya kwanza ya gari hili ina uwiano wa 3.68, gia ndogo 2.35, difu 4.7. Ukizidisha utaona kwamba injini huzunguka mara 40 hivi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ukiteremka hivyo, injini yenyewe inalishika gari, na mguu unabaki kwa dharura. Hilo ndilo alilolitegemea kwanza, na ndiyo sababu ya kutogusa difu, ingawa alishauriwa aweke ya mwendo kasi. Dramu zote nne alizikerezesha upya zikawa za mviringo kweli. Lainingi alizipaka chaki, akazivalisha, akazungusha, akazitoa, akapiga msasa palipogusa peke yake, akarudia mpaka chaki ikafutika kote. Mabomba yote yakawa mapya. Akaweka masta silinda ya njia mbili, ili ya mbele ikipasuka ya nyuma ibaki. Alipotoa upepo alianzia gurudumu la mbali, mimi nikikanyaga pedeli na kuhesabu kwa sauti, na hata baada ya povu kwisha aliniambia nikanyage mara ishirini zaidi.

Rangi ilikuja mwisho, kijani, siku mbili tu.

Mwezi wa sita mwaka uliopita gari lilishuka Ndungu kwa mara ya kwanza likiwa na mzigo: magunia kumi ya tangawizi, watu watatu, mjomba mwenyewe akiwa kwenye usukani. Juu ya mteremko wa mfereji alisimama, akaingiza gia ndogo, akaondoa mguu kwenye breki. Tulishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna aliyesema neno, na dirishani ilikuja harufu ya majani mabichi, basi. Tulipofika chini hakuuliza bei ya tangawizi wala hakunywa maji. Alizunguka gari akiinama kwenye kila gurudumu, akaweka mgongo wa kiganja kwenye kila dramu, halafu akaniita nami niguse. Zilikuwa na joto dogo, na joto lenyewe lilikuwa sawa kwa zote nne.